Njia za Kuufikia Ualimu kwa Shahada: Historia ya Mlimani, Kinondoni na Chang'ombe

Mwalimu mwenye shahada anayefundisha sekondari nchini Tanzania amepita katika mojawapo ya njia nne. Ya kwanza ni ya mhitimu wa kidato cha sita anayekwenda chuo kikuu kusoma masomo mawili ya kufundishia pamoja na taaluma ya elimu kwa miaka mitatu mfululizo. Ya pili ni ya mwalimu mwenye stashahada, ambaye tayari ameshika chaki, anayerudi darasani kutafuta shahada. Ya tatu ni ya mtu mwenye shahada isiyo ya ualimu, anayeongeza mwaka mmoja wa stashahada ya uzamili katika elimu. Ya nne ni ya mwajiriwa anayesoma bila kuacha kazi, kupitia chuo kikuu huria.

Njia hizi zilikulia Dar es Salaam, na sehemu tatu za mji huo zinatosha kueleza historia yake: Mlimani, ambayo hadi katikati ya miaka ya 2010 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Kinondoni na sasa iko Ubungo, Kinondoni yenyewe, kando ya Barabara ya Kawawa, na Chang'ombe, katika Wilaya ya Temeke. Karibu kila hatua kubwa ilichukuliwa baada ya shule kukosa walimu. Uhaba ndio uliofungua milango, na kwa kawaida ulifungua kwa kuchelewa.

Kabla ya kuwa na chuo kikuu

Katika Tanganyika ya kikoloni, ualimu ulikuwa kazi ya cheti. Kijana alimaliza darasa la nane au la kumi, akaenda chuo cha ualimu kwa miaka miwili, akatoka na cheti cha Daraja la II au la I kulingana na elimu aliyoanzia. Serikali ilikuwa na chuo chake Mpwapwa tangu 1926, na misheni zilikuwa na vyao. Jirani na Dar es Salaam, huko Minaki, Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa na Chuo cha Mtakatifu Andrea, ambacho asili yake ni Kiungani, Zanzibar, na ambacho kilihamia bara katika miaka ya 1920. Kwa muda mrefu Minaki ilitoa walimu na makarani waliohitajiwa na pwani yote.

Aliyetaka kupanda zaidi ya hapo alilazimika kuvuka mipaka. Makerere, Uganda, ndiyo iliyokuwa shule ya juu kabisa kwa Waafrika wa Afrika Mashariki. Julius Nyerere alisoma huko kuanzia 1943 hadi 1945, akarudi na stashahada ya elimu na kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu shahada ya M.A. mwaka 1952, kisha akafundisha Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 ili ajitoe kwa kazi za TANU, chama kilichopigania uhuru. Safari hiyo ya Makerere, Tabora, Edinburgh na Pugu inaonyesha jinsi shahada ya mwalimu ilivyokuwa adimu. Waliopata nafasi ya namna hiyo walikuwa wachache mno, na shule za sekondari zenyewe zilikuwa chache.

Hali hiyo iliikuta nchi siku ya uhuru, Desemba 1961. Sehemu kubwa ya walimu wa sekondari walikuwa wageni. Waingereza walikuwepo tangu zamani. Wakaongezeka Wamarekani waliokuja kwa mpango wa walimu wa Afrika Mashariki ulioratibiwa na Chuo cha Ualimu cha Columbia, New York, na baadaye vijana wa Peace Corps, mpango wa kujitolea wa Marekani. Serikali mpya ilitaka kufungua sekondari zaidi ili ipate watumishi wake, lakini ufunguzi wa kila shule ulimaanisha kuomba walimu nje.

Mlimani: shahada na ualimu kwa pamoja

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na darasa dogo la wanafunzi wa sheria. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kwenye kilima kilichokuwa mbali na mji, mahali ambapo watu wameendelea kupaita Mlimani. Mwaka huohuo ilianzishwa Idara ya Elimu.

Idara hiyo ilikabiliwa na uamuzi mmoja wa msingi. Kwa utaratibu wa Uingereza, mtu alisoma kwanza shahada ya historia, hisabati au fasihi, na baada ya kuhitimu akaongeza mwaka mmoja wa mafunzo ya ualimu. Utaratibu huo uliwafaa watu wenye muda. Tanganyika, ambayo mwaka huo ikawa Tanzania, haikuwa nao. Mlimani ikachagua kuunganisha vyote: mwanafunzi alisoma masomo ya kufundishia, falsafa na saikolojia ya elimu, na mbinu za kufundisha kwa wakati mmoja, huku likizo ndefu zikitumika kwa mazoezi ya kufundisha shuleni. Baada ya miaka mitatu alitoka akiwa na shahada na sifa ya ualimu. Mwaka mmoja uliokolewa kwa kila mwalimu, na mfumo huo ndio uliorithiwa na karibu vyuo vikuu vyote vya nchi vilivyokuja baadaye.

Kwa kuwa serikali ndiyo iliyogharimia masomo, ndiyo pia iliyopanga nani asome nini. Aliyefadhiliwa aliahidi kuitumikia serikali kwa miaka kadhaa baada ya kuhitimu, na wengi wa wanafunzi wa sanaa walielekezwa kwenye ualimu. Mvutano kati ya matarajio ya wasomi na mahitaji ya nchi ulilipuka tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na sehemu ya utumishi ambayo wangelipwa mshahara uliokatwa. Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400 na kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi waliruhusiwa kurejea baadaye, lakini ujumbe ulikuwa umefika: elimu ya chuo kikuu ilihesabiwa kuwa deni kwa wananchi walioilipia.

Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha lililotangaza siasa ya ujamaa, ilitoka sera ya Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu alitakiwa awe kiongozi wa shamba la shule na mfano wa ujamaa, zaidi ya kuwa mtaalamu wa somo. Vyuo vya ualimu vikaitwa Vyuo vya Elimu ya Taifa, na siasa ikawa somo la lazima. Tarehe 1 Julai 1970 Mlimani ikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea, na mwaka huohuo ikaanzishwa Idara ya Kiswahili. Kuanzia hapo mwalimu wa Kiswahili wa sekondari aliweza kuandaliwa kwa kiwango cha shahada kama mwenzake wa Kiingereza au Jiografia. Hatua hiyo ilikuwa na uzito, maana Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi.

Chang'ombe: stashahada kama njia fupi

Chuo kikuu pekee kisingeweza kujaza shule zote. Katikati ya miaka ya 1960 kilijengwa chuo cha ualimu Chang'ombe, Temeke, katika eneo la viwanda na viwanja vya michezo upande wa kusini wa mji. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwachukua wahitimu wa kidato cha sita na kuwapa stashahada ya ualimu, ili wafundishe vidato vya chini vya sekondari huku wenye shahada wakibaki na vidato vya juu.

Hapo ndipo yalipoota madaraja yaliyodumu kwa miongo mingi. Shule ya msingi ilifundishwa na mwenye cheti cha Daraja A, B au C. Sekondari ya kawaida na mwenye stashahada. Kidato cha tano na cha sita na mwenye shahada. Kila ngazi ilikuwa na mshahara wake, na tofauti hizo hazikufutika. Katika ngazi za mishahara ya walimu serikalini zinazojulikana kama TGTS, mwenye cheti huanzia B, mwenye stashahada C na mwenye shahada D. Mwalimu aliyefundisha vizuri kwa miaka 20 akiwa na cheti aliweza kumkuta kijana wa mwaka wa kwanza kazini akiwa juu yake. Kiu ya walimu ya kujiendeleza, ambayo ndiyo iliyojaza vyuo vikuu kwa wanafunzi wa umri mkubwa, ina mzizi wake katika tofauti hizo za mshahara kama ilivyo katika kupenda elimu.

Azimio la Musoma na mlango wa watu wazima

Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua mambo mawili yaliyougusa ualimu moja kwa moja. La kwanza ni elimu ya msingi kwa wote kufikia 1977. Walimu wa kuifundisha hawakuwepo, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba waliajiriwa na kufundwa hukohuko vijijini, wakifundisha kwa saa chache na kusoma kwa saa nyingine, kwa msaada wa redio na masomo ya posta. Zaidi ya 35,000 walihitimu kwa mpango huo kati ya 1976 na katikati ya miaka ya 1980. Haikuwa njia ya chuo kikuu, lakini ilizaa kundi kubwa la walimu wa kiwango cha chini ambao miaka 20 baadaye wangetafuta namna ya kupanda.

La pili lilihusu chuo kikuu chenyewe. Mhitimu wa kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda Mlimani moja kwa moja. Alipaswa kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi miaka miwili, na apate barua ya mwajiri na ya chama. Kwa wasichana sharti hilo lililegezwa mapema, maana idadi yao ilishuka, na kwa wengine liliondolewa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Kwa walimu wa stashahada, hata hivyo, sharti hilo lilikuwa neema: walikuwa tayari wana kazi, uzoefu na barua. Madarasa ya elimu Mlimani yakajaa watu wazima waliojua darasa la kijijini lilivyo, na mhadhiri aliyezungumzia nidhamu ya wanafunzi alikuwa akizungumza na watu walioisimamia.

Miaka ya 1980 watoto wa elimu ya msingi kwa wote walianza kubisha hodi sekondari. Shule za Jumuiya ya Wazazi ya chama tawala, za madhehebu ya dini na za watu binafsi ziliongezeka kwa kasi. Mwaka 1989 Idara ya Elimu Mlimani ikapandishwa kuwa kitivo, na baadaye ikawa Shule Kuu ya Elimu. Shahada ya elimu ya moja kwa moja, iliyowaandaa zaidi wakufunzi wa vyuo vya ualimu na viongozi wa elimu, ikasimama kando ya shahada za sanaa na sayansi zenye ualimu ndani yake.

Kinondoni: kusoma bila kuacha kazi

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya Bunge Na. 17 ya 1992, kikaanza kazi Machi 1993 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Geoffrey Mmari, aliyepata kuongoza Mlimani pia. Kilikuwa chuo kikuu huria cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki, na shahada zenye ualimu zilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kabisa.

Ofisi zake Kinondoni hazikuwa na kumbi za mihadhara za kulinganishwa na za Mlimani, na hazikuzihitaji. Mwanafunzi alipewa vitabu vya mafunzo, akasoma nyumbani, akakutana na wahadhiri kwa vipindi vya ana kwa ana, na kufanya mitihani kwenye kituo cha mkoa. Dar es Salaam yenyewe iligawanywa katika vituo vya Kinondoni, Ilala na Temeke. Mwalimu wa Tandika au Kawe aliweza kufundisha asubuhi, kusahihisha madaftari alasiri na kusoma usiku. Shahada ambayo Mlimani humalizika kwa miaka mitatu, huku iliweza kuchukua hadi minane.

Mpango huu uliokoa walimu wengi waliokuwa wamekwama kati ya familia na masomo, lakini ulikuwa na gharama yake. Aliyekosa nidhamu ya ratiba alibaki na vitabu kabatini, na masomo ya sayansi yalidai maabara ambazo mtu hawezi kuwa nazo sebuleni. Ndiyo sababu wengi waliopitia Kinondoni walichukua masomo ya sanaa, jambo ambalo baadaye lingekuwa na matokeo katika soko la ajira. Chuo hicho pia kilirahisisha njia ya tatu: mwenye shahada ya biashara au ya sayansi aliyejikuta anafundisha shule ya binafsi bila sifa aliweza kusoma stashahada ya uzamili katika elimu huku akiendelea na vipindi vyake.

Shule za kata na kuzaliwa kwa DUCE

Karne mpya ilileta wimbi kubwa kuliko yote yaliyotangulia. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, na mwaka 2004 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, uliolenga kila kata iwe na sekondari yake. Shule za sekondari nchini ziliongezeka kutoka 1,291 mwaka 2004 hadi 4,102 mwaka 2009, na wanafunzi wakaongezeka zaidi ya mara tatu, kutoka takribani 430,000 hadi zaidi ya 1,460,000. Majengo yalisimamishwa kwa nguvu za wananchi. Walimu wasingeweza kusimamishwa kwa matofali.

Hatua ya dharura ilikuwa kuwachukua wahitimu wa kidato cha sita, kuwapa mafunzo ya majuma machache na kuwapeleka shuleni kwa leseni. Mitaani waliitwa walimu wa "voda fasta", kwa kejeli ya muda wa maongezi wa simu uliokuwa ukiingizwa papo hapo. Baadhi yao walikuja kusoma na kuwa walimu wazuri, lakini jina hilo lilibaki kama ushahidi wa jinsi shule zilivyoitangulia mipango.

Hatua ya kudumu ilikuwa kupandisha hadhi ya vyuo viwili mwaka 2005. Chuo cha ualimu cha Chang'ombe kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, kinachojulikana kwa kifupi chake DUCE, na Mkwawa, Iringa, ikawa MUCE. Vyote viliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hivyo mahali palipotoa stashahada kwa miaka 40 pakaanza kutoa shahada za sanaa, sayansi na elimu kwa ajili ya sekondari. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi, na wanaosoma ualimu, hasa wa sayansi na hisabati, wakawa miongoni mwa waliopewa kipaumbele. Kwa kijana wa Mbagala au Yombo ambaye wazazi wake wasingeweza kulipa ada, ualimu ukawa shahada inayofikika kuliko nyingine nyingi, na wapo walioingia kwa sababu ya mkopo kabla ya sababu ya wito.

Milango iliendelea kuongezeka. Chuo Kikuu cha Dodoma kilifunguliwa 2007 kikiwa na programu kubwa za elimu. Vyuo vikuu vya madhehebu ya dini navyo vikaingia. Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke kabla ya kuwa wilaya, Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kilichoanza 1961 kama Chuo cha Kivukoni, nacho kikaja kutoa shahada za elimu.

Mtihani wa darasani: mazoezi ya kufundisha

Katika njia zote, kiungo kimoja hakikuondoka: mazoezi ya kufundisha, ambayo wanafunzi huyaita BTP (Block Teaching Practice) au kwa ufupi "TP". Mwishoni mwa mwaka wa masomo, wanafunzi wa Mlimani na Chang'ombe hutawanywa shuleni kwa wiki kadhaa. Anayepangiwa pembezoni mwa Dar es Salaam hukutana na darasa lenye wanafunzi wengi kuliko 40 wanaotajwa kwenye miongozo.

Kazi yake huanza kabla ya kengele. Kutokana na muhtasari wa somo hutengeneza azimio la kazi la muhula, na kutokana na azimio huandika andalio la somo la kila kipindi. Juu ya karatasi huweka tarehe, darasa, muda, na idadi ya wanafunzi waliosajiliwa na waliohudhuria, wasichana kwa wavulana. Chini, kwa mtaala wa 2005, huandika mada kuu, mada ndogo na malengo, kisha jedwali la hatua: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho. Kila hatua ina safu ya dakika, ya kazi ya mwalimu, ya kazi ya mwanafunzi na ya upimaji. Mwisho kabisa huacha nafasi ya tathmini na maoni, ambayo hujazwa baada ya kipindi.

Mhadhiri msimamizi huja bila kutoa taarifa, akaketi dawati la nyuma na kuomba faili. Huangalia kama andalio linalingana na azimio, kama zana za kufundishia zipo, kama ubao umegawanywa vizuri na kama wanafunzi wameulizwa maswali au wamenakili tu. Baadaye, chini ya mti au ofisini, huzungumza na mwanafunzi wake. Mitaala ya sekondari ilipobadilishwa mwaka 2005 ili ijikite katika umahiri wa mwanafunzi, safu ya kazi ya mwanafunzi ndiyo iliyopata uzito mpya. Kuigeuza karatasi hiyo kuwa kipindi hai mbele ya wanafunzi 80 kumebaki kuwa mtihani mgumu kuliko wowote unaotungwa chuoni.

Kutoka uhaba hadi foleni

Kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu hakutafuta kazi. Majina yalitangazwa, vituo vikapangwa, na kila mmoja akaripoti. Utaratibu huo ulifika mwisho katikati ya miaka ya 2010. Walimu wa sanaa walikuwa wamezidi nafasi zilizotengewa mishahara, huku wa fizikia, kemia na hisabati wakiendelea kukosekana. Jaribio la kuziba pengo la sayansi kwa stashahada maalumu Chuo Kikuu cha Dodoma liliishia Mei 2016 kwa wanafunzi 7,802 kurudishwa nyumbani. Wahitimu wakaanza kuomba nafasi kwa mtandao kupitia Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (OR-TAMISEMI), na kufikia mwanzoni mwa 2025 walikuwa wakifanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kama waombaji wa kada nyingine.

Usimamizi wa kazi nao ulibadilika. Tume ya Utumishi wa Walimu iliundwa kwa sheria ya 2015, na sheria ya 2018 ikaweka Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, yenye jukumu la kuwasajili walimu na kusimamia viwango vyao. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilikuwa imekwisha kuelekeza kuwa hata mwalimu wa shule ya msingi awe na stashahada kwa uchache, jambo lililozidi kuusogeza ualimu wote mbali na cheti.

Kwa hiyo anayemaliza kidato cha sita Bunju, Tegeta au Mbagala leo anakuta njia nyingi kuliko alizozikuta mzazi wake, na zote zinatambuliwa kisheria. Kinachoamua zaidi ni masomo mawili atakayochagua, maana shahada za ualimu zinalingana kwa jina lakini hazilingani mbele ya mwajiri. Mwenye Fizikia na Hisabati bado anatafutwa na shule. Mwenye Historia na Kiswahili anatafuta shule. Ajuaye hilo kabla ya kujaza fomu ya udahili amekwisha kupata nusu ya ushauri anaouhitaji.